Ukurasa wa Debe Tupu

Kila asubuhi, kabla hajachukua jembe, Venansi hugonga debe la mbegu za maharage mara tatu: mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Akiona unamtazama, husema anafukuza panya.

"Panya gani?" mkewe Jovina hucheka kutoka jikoni. "Hawa wameshazoea. Wengine wanacheza."

Debe lenyewe ni la mafuta ya msaada. Lilikuja naye kutoka Ngara, Tanzania, miaka saba iliyopita, kambi ya wakimbizi ilipofungwa na malori yakawarudisha watu Burundi. Leo Venansi ni mkulima wa Giheta, shemasi, mwalimu wa kwaya, mtu anayefunga vifungo vyote vya shati hata akichimba mfereji. Ni vigumu kuamini kwamba madebe manne kama hilo, yaliyounganishwa kwa mpira wa tairi, yalikuwa ngoma za bendi ya roki.

Bendi iliitwa Debe Tupu. Jina walipewa na wazee wa kanisa waliowasikia wakifanya mazoezi karibu na bomba la maji. Vijana wakaona ni jina zuri, na tena halikuhitaji kikao. Walikuwa watatu. Dominiko alipiga gitaa la mbao za sanduku, lenye waya za breki za baiskeli badala ya nyuzi. Venansi alikaa kwenye madebe. Anisia aliimba, kwa sauti ambayo kila niliyemkuta alisema ilivuruga foleni ya maji, maana watu walisahau kusogea. Roki waliisomea kwenye redio moja, na masomo yalidumu kadiri betri zilivyodumu.

Dominiko alipelekwa nchi ya mbali na hajaandika barua. Anisia alirudi Gitega, akaugua, akafa kabla ya mavuno ya kwanza. Hakuacha hata picha.

Kwa hiyo Venansi aliposikia kwamba ofisi moja mjini Gitega inatayarisha kitabu cha wanamuziki wa mkoa, alikuja Musinzira, mtaa wa mjini humo nilikokuwa nikikiandika, akasimama mlangoni na kofia kifuani.

"Dada, sitaki mengi," alisema. "Mistari miwili. Jina la Anisia liwemo."

Ofisi ilikuwa na sharti moja: kundi liwe limejulikana, na kujulikana huko kuthibitishwe kwa maandishi ya wakati uleule, ya mtu asiye mwanachama wala ndugu wa mwanachama. Maelfu ya watu kambini walilijua Debe Tupu. Lakini maelfu ya watu si karatasi.

Venansi akanielekeza Muyinga, kwa Chabani, fundi wa redio sokoni, ambaye zamani alivuka mpaka kwenda kuuza kaseti kambini.

"Debe Tupu? Voilà!" Chabani aliruka kutoka kitini. "Mi ndo nilikuwa natoa manyimbo yao. Tatu! Moja moja, kila moja na kaseti yake. Ngoja, iko hapa."

Akaitoa kwenye kopo la skrubu, akaipangusa kwa shati. Jalada lilikuwa safi: *Kwaya ya Tumaini, Sehemu ya Pili.*

"We Chabani," alisema Swabra, mshonaji wa meza ya pili, akichungulia. "Hiyo si iko kwaya? Uliingia kanisani lini, na msikiti unajua?"

"Nyamaza, shona. Dada, kaseti tupu hazikuwe zinapatikana. Za kwaya, kanisa lilikuwa linagawa bure. Basi mi naziba vile vitundu vya juu na karatasi, redio ikubali kurekodi, naweka Debe Tupu upande wa pili. Wazee wakikamata, wanaona kwaya, wanabariki, wanapita."

"Na upande wa kwanza?" akauliza Swabra.

"Ule sikugusa. Ile ni neno la Mungu, we unanionaje?"

Hivyo nyimbo zilizosikika kambi nzima zilikuwa zimeacha uthibitisho mmoja wa maandishi: kwamba palikuwa na kwaya.

"Enda Makebuko kwa Damiano," Chabani alinishauri. "Alikuwa mwandishi wa kanisa la kambi. Wale walikuwa wanaandika kila kitu. Hata ukikohoa kwenye sala."

Wakati wa kurudi kutoka kambini, wenzake walibeba milango na mabati. Damiano alibeba daftari la kanisa, limefungwa kwa turubai. Alilifungua mbele yangu kwenye ukurasa wa arobaini na moja:

*Kundi liitwalo Debe Tupu: Dominiko, gitaa, Venansi, madebe, Anisia, sauti. Nyimbo tatu za kidunia, zilizotiwa kwenye kaseti za kanisa: "Foleni", "Turubai Langu", "Mama Mvua". Watazamaji mia tisa, wakiwemo wazee wawili waliokwenda kuchunguza na kukaa mpaka mwisho. Wote watatu wametengwa na kanisa hadi watakapotubu mbele ya waumini.*

Kulikuwa na tarehe, sahihi na muhuri. Hakuna mpenzi wa Debe Tupu aliyewahi kuliandika kwa uangalifu kama watu waliotaka linyamaze.

"Mwandiko wangu huo," alisema Damiano, na furaha ikamshinda. Kisha akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Lakini, binti yangu, Venansi hakutubu. Kambi ilifungwa kabla, na huku hakuna aliyeuliza, hata alipofanywa shemasi. Na Jumapili hii tunampigia kura awe mzee wa kanisa. Aliyetengwa hachaguliwi. Daftari likibaki sandukuni, mimi nimezeeka, sikumbuki kitu. Likiingia kwenye kitabu chako, nitakumbuka."

Ofisi ilikuwa inafunga kupokea kurasa Ijumaa. Alhamisi nilifika Giheta na nakala ya ukurasa ule. Koti jeusi lilikuwa limetundikwa ukutani, limepigwa pasi tayari kwa Jumapili. Venansi alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la Anisia, aliweka kidole pale na hakukiondoa.

Jovina alisoma kupitia bega lake. "Basi utubu kabla ya kura, baba. Dakika moja. Unasema tulikosea, unakaa."

"Tulikosea nini?"

"Sijui. Kaseti!"

"Kaseti ni Chabani."

"Si useme tu?"

"Nikisema nyimbo zile zilikuwa dhambi, nani atamjibia Anisia?"

Jovina akalitazama koti.

Siku zote hizo nilikuwa nimesikiliza na kuandika tu. Sasa nikauliza swali langu moja: ukurasa huu niupeleke kesho, au niuache?

"Peleka," alisema Venansi. "Anisia ndiye aliyeimba. Mimi niligonga madebe tu."