Seji ya Ayeyo na Maji ya Udhu

Daktari alipomkataza nyanya yangu chumvi, Ayeyo, kama tumwitavyo, alianza kuisukuma sahani. Mchuzi wa mbuzi usio na chumvi, alisema, ni maji aliyopita mbuzi akaenda zake. Mimi nilikuwa nimerudi Garissa na shahada ya lishe, nikiamini kwamba elimu isiyofika jikoni ni pambo tu. Nikamwahidi kumrudishia ladha.

Nilikuwa nimeleta kutoka Nairobi mche wa seji, kiungo cha majani ya kukolezea mchuzi. Niliupanda katika debe la mafuta lililotobolewa chini, nikaliweka uani, karibu na pale tunapotawadhia. Majani yake yalikuwa ya kijivu, laini kama sikio la mwanambuzi, na ukiyagusa harufu ilibaki vidoleni hadi jioni.

Haukupita muda, yakageuka manjano na kulegea. Nikaongeza maji, yakazidi kulegea. Ayeyo naye alikuwa akikonda.

Siku moja niliketi uani kuchunguza. Adhuhuri baba alitawadha, akaumiminia mche maji yaliyobaki birikani. Mama vivyo hivyo. Shangazi, aliyekuja kusalimu tu, naye akaunywesha.

"Kiumbe chenye kiu hakipitwi hivihivi," alinieleza. "Hii ni sadaka."

Sala tano kwa siku, na kila sala na mvua yake. Katika mji wetu mkavu, mmea wangu ulikuwa unazama kwa wema wa watu, na wangu mwenyewe ukiwemo.

Ayeyo alitoka na mkongojo wake, akachomeka kidole kwenye udongo, akacheka hadi akatafuta kiti.

"Msomi wangu, huko chuoni hawakukufundisha habari za ngamia?"

"Hawakunifundisha, Ayeyo."

"Basi huyu ni ngamia. Nyinyi mmemchunga kama ng'ombe."

Tangu siku hiyo alishika uchungaji. Aliamuru nichanganye udongo na mchanga, debe likahamishiwa penye jua, na hakuna aliyeruhusiwa kumwagilia kabla kidole chake hakijatoka kikavu. Shangazi alipojaribu kusogea na birika, alisimamishwa kwa mkongojo.

"Sadaka yako ipeleke kwa mwarobaini."

Machipukizi yalipokomaa, nilichuma majani machache, nikayakaanga katika samli kidogo hadi yakakauka, nikayavunjia juu ya mchuzi wake. Ayeyo alionja, akaonja tena.

"Chumvi bado haimo," alisema.

Kisha akanisogezea sahani tupu niijaze.