Mpingo Nyuma ya Zizi

Siku moja kabla ya kumzika Wathome, Novemba ya 2003, wachongaji wenzake wa Wamunyu walikuja na shoka wampe heshima. Nthenya, mjane wake, alikuwa akichambua maharagwe ya wageni alipowaona.

Tembea uone, wanasema, na Wathome alitembea, jamani! Vinyago vyake vya twiga na vifaru vilimfikisha Zambia, Ujerumani, hata Japani, kwenye maonyesho. Wenzake walirudi na redio na makoti. Yeye alirudi na majani makavu ndani ya pasipoti na habari za ndege wa porini. Japani aliona mti mkongwe uliowekewa magongo usianguke.

"Mti uwekewe magongo, na nyumba yangu inavuja!" Nthenya alimwambia. Mzee akacheka, akatoka kwenda kuangalia kiota cha mnana.

Mipingo iliisha Wamunyu, na walioimaliza ni wachongaji wenyewe. Wathome hakuficha kwamba shoka lake nalo lilikuwamo. Ulibaki mmoja tu, nyuma ya zizi lake la mbuzi, na huo akaapa hautaguswa. Akawa anachonga mwarobaini. Mwaka wa tisini na saba Nthenya alimwambia auuze ule mpingo wanunue mabati. Akakataa. Walinuniana mwezi mzima. Haki ya nani, mwanamke yule aliuchukia mti ule kama mke mwenza.

Sasa Justus, rafiki wa marehemu tangu ujana, alisimama mbele yake kofia mkononi.

"Pole tena, Mama Mwelu. Tumekuja kukata ule mpingo. Tunataka kumchongea msalaba."

"Kwani Justus, wewe hukumsikia akikataza?"

"Alikataza usiuzwe. Huu hatuuzi, mama, ni wake. Mchongaji kama yule alale chini ya msalaba wa mwarobaini? Hiyo ni aibu yetu."

Nthenya akayaweka maharagwe chini. Maneno yalikuwa mazuri, na walioyasema walimpenda mumewe. Lakini kuna jambo lilikuwa likimla moyo tangu hospitalini. Siku yake ya mwisho Wathome hakuuliza habari za mbuzi wala shamba. Aliuliza, "Nthenya, mpingo umechanua?" Naye, kwa uchovu, akamjibu, "Mimi nitajua wapi?" Kesho yake hakukuwa na wa kujibiwa.

Akainuka, akazunguka zizi kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Maua madogo meupe yalijaa matawini, nyuki wakivuma. Machozi yakamtoka, pamoja na hasira juu ya nafsi yake: miaka yote hiyo hakuwahi kuja kutazama. Akauegemea mti kwa mgongo.

"Ondoeni hilo shoka," alisema. "Mkitaka kuchonga, mwarobaini uko pale."

Justus hakufurahi, lakini msalaba aliuchonga.

Kesho yake kaburini, mjane alipoombwa aseme machache, watu walijiweka sawa wasikie safari za Ulaya. Nthenya akaliinamia kaburi.

"Baba Mwelu," alisema, "umechanua."

Akarudi kuketi.