Mfupa Ulioshika Ulimi

Evarista alichimba udongo wa kula, ule mweupe ambao wajawazito huutamani, na kuuza vipande vyake Tosamaganga siku za kliniki. Kabla ya kujaza kikapu aliuonja. Udongo mzuri, alisema, unashika ulimi kidogo halafu unauachia. Usioshika ni wa kukandikia nyumba.

Masika ya mwaka 1973 mumewe, Marcelino, alikwenda kuvusha ndama wawili, kijito kikiwa kimefurika. Ndama walipatikana. Yeye hakupatikana. Mwaka uliofuata tulihamishiwa wote kijiji kipya kando ya barabara, na kule bondeni yakabaki mahame na magugu.

Kwa kuwa hapakuwa na mwili, mama mkwe wake, Bibi Helena, alikataa matanga yaanuliwe. Evarista aliendelea kuvaa kaniki. Na kwa kuwa hapakuwa na kaburi, maneno yalipata nafasi. Matingo wa malori walisema wamemwona Marcelino sokoni Uyole, anapakia viazi, amenenepa, ana mke wa Kinyakyusa. Wanawake walirudia hayo kisimani na kunyamaza Evarista alipofika na ndoo.

Alitaka kujua jambo moja tu: amefiwa, au ameachwa.

Kila kiangazi, maji yalipopungua, alishuka bondeni na jembe na ungo, akachekecha mchanga, dimbwi moja baada ya jingine. Agosti 1976, mahali ukingo ulipobomoka, akaona vipande vitatu vya mfupa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kimoja kilikuwa kirefu kuliko kiganja, na ncha yake imeviringana kama kifundo. Alikaa kwenye maji. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake, akakigusa kwa ulimi.

Kikashika. Akajaribu vyote vitatu. Vyote vikashika.

Hakukusudia kumwonyesha mtu. Lakini shemeji yake, Liberatus, alimkuta njiani na bonge limefungwa kwenye upindo wa nguo, na kabla jua halijapanda Bibi Helena alikuwa amekaa chini uani, kipande kidogo mapajani, akilia, "Mwanangu! Mwanangu mie!"

Wakamwita Isakwisa, mwuza nyama. Katika kijiji kizima ndiye aliyeshika mifupa kila siku.

"Haya, bwana mapupu," Liberatus akamwambia, "tuambie."

"Wewe unayekopa hayo mapupu ya ng'ombe, nyamaza nitazame."

Isakwisa alichukua kile kipande kirefu, akakipima uzito mkononi. Akakigonga kwa mgongo wa kisu. Kikalia kama kigae. Mwishowe naye akakigusa kwa ulimi, akakibandua, akamtazama Evarista. Akamwita nyuma ya jiko.

"Dada, huu si mfupa wa mtu. Paja la ng'ombe wangu mkubwa halifikii unene huu. Kiboko, labda. Tena si wa juzi. Umekuwa jiwe, wa kabla ya mababu wa mababu zetu."

"Najua."

"Unajua?"

"Umeshika ulimi. Marcelino ana miaka mitatu tu tangu apotee. Hawezi kuwa udongo tayari."

Isakwisa akachungulia uani. "Sasa nikamwambie nini yule mama?"

Evarista naye akachungulia. Bibi Helena alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akikifuta kile kipande kwa pindo la kitenge, polepole, kama anayemfuta mtoto mafua. Evarista alirudi nyuma, akampisha Isakwisa apite.

Isakwisa akarudi uani, akavua kofia.

"Poleni, mama," akasema. "Ni mtu."

Vikazikwa vitatu ndani ya boksi la sabuni. Katekista akasali, watu wakanyoa nywele, pombe ikanywewa, matanga yakaanuliwa. Tangu siku hiyo habari za Uyole zikakoma. Nani angemzungumzia vile mtu aliyezikwa? Bibi Helena alipata usingizi. Alikufa kabla ya mvua za Desemba, akaombewa nafasi karibu na kile kikaburi.

"Shemeji, sasa pumzika," Liberatus akamwambia Evarista. "Ukitaka kuolewa, olewa. Ukitaka kurudi kwenu, mimi mwenyewe nitakusindikiza."

Hakuolewa wala hakurudi kwao. Siku ya tatu baada ya kunyoa alionekana tena bondeni na ungo wake. Watu walidhani ni huzuni ya mjane, itapita.

Mimi nilikuwa nafundisha shuleni pale, na kitambo baada ya hayo ndipo aliponieleza, tukimenya maharage, bila kuinua macho.

"Waliposema yuko Uyole, mwalimu, niliumia, lakini walikuwa wanamtaja. Sasa wamemzikia kiboko, na jina lake limeingia humo humo."

Mwaka 1978 alipanda lori la mahindi, akashuka Uyole asubuhi. Alisimama sokoni mchana kutwa, kati ya magunia, akiwatazama wapakiaji mmoja mmoja: shingo zao, namna wanavyoinama, namna wanavyocheka. Mmoja alifanana naye kwa nyuma. Alimfuata mpaka kwenye vibanda vya chai, akasimama hatua tano nyuma yake, kisha akageuka kabla yule mtu hajageuka.

"Ulishindwa nini kumwuliza jina?" nikasema aliponisimulia.

"Ningemwuliza kwa mdomo upi, mwalimu? Kaburi lake liko nyumbani."