Yazid wa Safari Hii

Enzi za mfalme, silaha ya Sheikh Nematollah ilikuwa jina moja tu: Yazid, mtawala aliyemuua mjukuu wa Mtume. Akipanda mimbari siku za Muharram, akaeleza jinsi Yazid alivyowanyima maji watoto wa Karbala, watu wa kijiji chake cha Kuhab walilia machozi huku wakijua fika ni Yazid yupi anayesemwa: mfalme mwenyewe. Majasusi nao walijua, lakini utamshtaki vipi mtu kwa kumlaani Yazid? Baadaye walimsaka hata hivyo. Yadollah, mkulima wa makomamanga, akamficha ghalani. Walimng'oa Yadollah kucha, asifungue kinywa.

Mapinduzi yakaja, Sheikh akawa mbunge. Yeye na wenzake wakapitisha sheria maji ya mto wa Kuhab yapelekwe viwandani, na makomamanga yakakauka. Mwaka uliofuata akarudi kuhutubia Ashura, safari hii na mlinzi. Alikuwa akiwaogopa watu wake mwenyewe, tusifichane.

Alikusudia kukiruka kisa cha maji. Lakini Karbala bila maji ni harusi bila bibi harusi, ulimi ukamponyoka.

"Yazid akaamuru wazuiwe wasiufikie mto," akasema, akajisikia akisema.

Hakuna aliyelia. Nyuso zote zikamkodolea macho makavu.

"Haji Agha!" Yadollah akamwita kwa heshima kutoka nyuma. "Zamani ukifika hapo ulikuwa unatukonyeza. Leo jicho linauma? Yazid wa safari hii nani, tumjue?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo upesi. Sheikh akaikatisha hotuba, akashuka mimbarini.

Garini, mlinzi akamgeukia kwa adabu zote.

"Samahani, Haji Agha. Yule mzee ni nani?"

"Mzee gani?"

"Aliyekupigia kelele. Wakubwa wataniuliza. Na wewe watakuuliza, lile neno la mto ulikuwa unamsema nani."

"Nilikuwa namsema Yazid, mwanangu. Yazid!"

"Ndiyo, Haji Agha. Wataniuliza yupi."

Nani angeamini kwamba leo Yazid alikuwa Yazid tu? Miaka yote ile yeye ndiye aliyewafundisha watu wasiamini hivyo. Akilini akaona mlango wa chuma wa jela, akasikia komeo. Aliogopa, akaogopa kama mtoto.

"Anaitwa Yadollah," akasema. "Nyumba ya mwisho, nyuma ya msikiti."

Mlinzi akamshukuru, akamwombea maisha marefu.