Tuliposhuka Kwenda Kwao

Mtu anayepita Sumbawanga kwa basi huondoka akidhani nchi yetu ni tambarare. Anaona mashamba ya mahindi na ulezi yakienda mpaka macho yanapochoka, anafunga zipu ya koti kwa sababu ya upepo, basi. Lazima upande baiskeli uelekee mashariki, upite msitu wa Mbizi, ndipo ugundue kwamba uwanda huu una ukingo. Ardhi inafika mahali inakatika. Chini, mbali, kuna bonde la Rukwa lenye joto na vumbi, na ziwa linalong'aa kama bati jipya.

Ukingo huo nilionyeshwa na yeye, kijana aliyetaka kunioa. Tulikutana katika shule moja ya sekondari mjini ambako sote wawili tulikuwa tunajitolea kufundisha, yeye Hisabati, mimi Jiografia, tukisubiri ajira kama wahitimu wengine. Alikuwa na baiskeli ya gia aliyoinunua mnadani. Mimi niliazima ya kaka yangu, nzito kama lango la kanisa. Jumamosi tukawa tunatoka. Tulianza na Mpui, ambako mtu hateseki sana. Halafu tukaanza kupanda milima, na huko tulisukuma kuliko tulivyoendesha. Safari moja tulilenga Kasesya, mpakani na Zambia, tukashindwa njiani, tukarudi juu ya lori la mahindi, baiskeli zetu zimelala kwenye magunia na sisi tumelala kando yake, tunacheka bila sababu.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Kabla ya kila safari nilikuwa nimeshapata pancha, nimeshaanguka, nimeshalazwa, yote kichwani. Yeye alinizoea. "Wewe ukipewa andazi," alisema, "unataka kwanza kumjua aliyelikaanga."

Kwa hiyo aliposema twende kwao, bondeni, nikaonekane kwa wazazi wake, sikulala vizuri kwa muda. Kwao ni Wasukuma, wafugaji waliohamia Rukwa wakati yeye akiwa mdogo. Kwetu ni Wafipa, wakulima, Wakatoliki wa misa ya kwanza. Mama yangu alikuwa ameshakubali, alitaka tu ndoa ifungwe kanisani. Ilibaki kwao. Kabla ya kumtafuta mshenga yeye alitaka mama yake anione.

"Na baba?" nikauliza.

"Baba anaongea. Mama ndiye anayeamua."

Maneno hayo niliyabeba mpaka siku ya safari. Niliuliza nivae nini, nisalimie vipi, kama maziwa ya mgando hayatanishinda. Alinifundisha salamu yao ya asubuhi, mwangaluka, nikairudia mpaka wanafunzi wangu wakadhani nimeanza kujisemea. Kuhusu ndugu zake alinieleza mmoja mmoja. Kuhusu mdogo wake wa mwisho alisema tu kwamba alifariki machungani, kwa ajali. Nikaona sura yake imebadilika. Nilidhani alipigwa pembe na fahali. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Tulitoka mjini jua likianza kupanda, kiangazi, nyasi za mlimani zimeshakuwa kahawia. Baada ya msitu upepo ukageuka, ukawa unatoka chini, wa moto. Pale barabara inapoanza kuporomoka alisimama, akakata matawi mawili yenye majani mengi, akayafunga nyuma ya baiskeli zetu kwa mpira wa tyubu. Ndivyo wanavyoshuka wenye mizigo katika milima hii, maana breki peke yake huungua kabla ya kufika nusu. Tawi linaburuzwa, linaishika baiskeli kwa nyuma kama mtu anayekuvuta shati akikwambia taratibu.

Tulishuka hivyo, kona baada ya kona, vumbi jekundu likituandama. Kwenye kona moja tulikutana na akina mama wanapanda na ndoo za dagaa kichwani. Mmoja akatuangalia, akaangalia matawi.

"Mnatufagilia barabara! Kumbe serikali imeajiri?"

"Bado, mama," akajibu yeye. "Tunajitolea!"

Walicheka mpaka wakashika ndoo kwa mikono miwili. Na mimi nilicheka, nikasahau kuogopa, nikaachia breki kidogo. Nikimkumbuka sasa humkumbuka pale, mgongo wake mbele yangu, shati limejaa upepo.

Tulifika kwao mchana, kwa hiyo salamu yangu ya asubuhi ilikuwa haifai tena. Nikababaika. Nikafanya ninachokijua tangu utoto: nikachuchumaa mbele ya wazee, nikapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimia Ufipa, nikasema shikamooni.

Shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, akapasuka kicheko. "Anatupigia makofi! Kwani tumefunga goli?"

Kila mtu akacheka, na mimi pia, nikajua nimepona. Mama yake alikuwa mwembamba, mtulivu, amevaa khanga mbili. Alininyanyua kwa mkono, akaniketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaleta maziwa. Alinitazama jinsi ninavyokunywa. Nikamaliza kibuyu. Akamwambia mwanawe kitu kwa Kisukuma, na yeye akatabasamu akiangalia chini. Baadaye aliniambia kilikuwa nini: "Huyu hana maringo."

Shangazi hakuwa amemaliza. "Mkwe, hebu tuambie ukweli. Mmekuja kwa baiskeli kweli? Sisi tunajua Wafipa mnasafiri kwa ungo."

Utani huo naujua. Chuoni nilikaa nao miaka yote. Mtu akisikia natoka Sumbawanga anajifanya kurudi nyuma, "usije ukaniroga." Nilijifunza kwamba ukikasirika wanaendelea, ukiwatangulia wanakupenda. Nikawa mtaalamu wa kuwatangulia. Wenzangu wa bwenini wakininyima sukari nawaambia nitawapigia radi, nao wananipa huku wakicheka.

"Ungo nimeuacha nyumbani, shangazi," nikasema. "Nikinyimwa maziwa, radi ninayo hapa mfukoni."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alijiziba mdomo kwa kiganja. Baba yake akaanza kuangalia viatu vyake. Mama yake alikuwa ameshika kibuyu changu, anataka kukijaza tena. Akakiweka chini, taratibu, akahakikisha hakitaanguka, akaenda jikoni. Nilimtazama mwanawe nipate kuelewa, nikakuta ameziba uso kwa mikono.

Alinieleza nje, karibu na zizi. Mdogo wake alikuwa na ng'ombe malishoni, mvua ikaanza, akakimbilia chini ya mti pamoja nao. Radi ikawapata wote, yeye na ng'ombe. Mama ndiye aliyefika wa kwanza. Na majirani, unajua majirani, wakaanza kunong'ona kwamba bondeni hakuna radi ya namna hiyo, imetumwa kutoka juu, kwa Wafipa. Mama yake alikataa kuamini. Aliwaambia kwamba mvua ni mvua. Alikuwa akiwaambia hivyo mpaka siku ile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, usingeshuka. Ungewaza. Ungefika hapa unaogopa hata kupumua."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana sikuweza kumkasirikia.

Nilimfuata mama yake jikoni. Nilipiga magoti kwenye majivu nikamwomba msamaha, nikasema sikujua. Aliendelea kusonga ugali. "Najua hukujua, mwanangu," akasema. "Nyanyuka, utachafua nguo." Alinipa maji ya kuoga, akanitandikia shuka jipya, akanipa kipande kizuri cha kuku. Laiti angenifokea. Fadhila zake zote zilikuwa za mgeni, na mchana, kabla sijafungua mdomo, zilikuwa za mwana.

Asubuhi mama alimwita mwanawe, wakasimama karibu na zizi wakiongea. Mimi nilikuwa nafunga mizigo kwenye keria, nafunga na kufungua na kufunga tena. Sikusikia neno. Niliona tu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongea sana, na mama yake akitikisa kichwa, kisha mama akampangusa uso kwa ncha ya khanga, kama mtoto.

Mlima ule haupandwi kwa baiskeli. Unasukuma, mikono imenyooka, kichwa kimeinama, unaona mchanga na tairi tu. Nilikuwa natunga sentensi kichwani, nazifuta, natunga nyingine, ile ambayo ningeisema badala ya ile niliyoisema. Ungo nimeuacha nyumbani, shangazi. Nukta. Ningeishia pale. Ilikuwa inachekesha ya kutosha.

Juu, upepo ulipoanza kuwa wa baridi tena, alilaza baiskeli yake kwenye nyasi, akakaa. Nikakaa. Bonde lote lilikuwa chini yetu.

"Mama hana neno na wewe," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Angekuwa na neno ningebishana naye."

"Amesemaje?"

"Amesema wewe ni binti mzuri. Lakini kila akikuangalia, ataisikia radi ile. Amesema hata mvua ikinyesha ukiwa ndani ya nyumba yake, atakuangalia wewe. Na hataki kuwa mtu wa namna hiyo."

"Atasahau. Muda ukipita."

"Nilimwambia hivyo."

"Akasema?"

"Akaniuliza kama mimi nimesahau."

Sikuuliza jibu lake. Alikuwa analia wazi, bila kujificha, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mwanamume wa umri wetu, na nilimshika mkono, na tukakaa hivyo mpaka jasho likatukaukia mgongoni tukaanza kutetemeka. Kisha tukapanda baiskeli tukarudi mjini, yeye mbele, mimi nyuma, kama kila Jumamosi.

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Alihamia kujitolea katika shule ya kule bondeni, karibu na kwao. Tulitumiana ujumbe kwa muda, halafu ujumbe ukawa salamu za sikukuu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, dereva wa lori la mpunga alinitafuta shuleni akanikabidhi ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Ilikuwa imejaa samli. Alisema imetoka kwa mama, na akalitaja jina la kijiji chao.

"Amesema nini?"

"Amesema nikupe."

"Hakusema kitu kingine?"

"Dada, mimi nimepewa ndoo," akasema dereva, akapanda gari lake.

Niliwaza juu ya ndoo ile wiki nzima. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na kwao pia, mwanawe aliwahi kuniambia hivyo. Kwa hiyo aliyetuma chombo alijua kwamba ni lazima nijibu. Au alitaka tu kuniaga vizuri, mikono isiwe mitupu. Au alikuwa na samli nyingi. Mama yangu aliniona nimeikodolea macho, akasema, "Ioshe, mwanangu. Ndoo haiongei." Nikaiosha kwa maji ya moto. Tukatwanga ulezi mpya, tukaupepeta mara mbili, nikaijaza mpaka juu nikashindilia kwa kiganja, nikaifunga mfuniko kwa kitambaa safi. Nilimsubiri dereva yule barabarani, nikampa, nikamwambia amwambie mama nashukuru sana.

Aliporudi alisema ameifikisha. Mama ameupokea ulezi, amenusa, amesema ni mzuri.

"Na ndoo? Hakukupa uilete tena?"

Akanishangaa. "Si yake? Amebaki nayo."