Pazia la Kalenda za Baba

Siku ya kumaliza matanga, vitu vya baba vilitandazwa uani juu ya turubai lile lile tulilozoea kuanikia pamba. Ukoo ulikaa kulizunguka. Baiskeli ikaenda kwa baba mkubwa, kaka yake baba, mwenye grosari ya bia kule Ngulyati. Koti la ulinzi likapata mtu, redio ikapata mtu, viatu vikajaribiwa na miguu mitatu kabla ya kumpata mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wameshahamishwa zizini alfajiri, kabla wageni hawajaamka. Mama alikaa kwenye kizingiti cha jiko, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa Mwamanyili, na siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote aliyolala katika ile nyumba, alikuwa amehesabiwa kama mgeni aliyekawia.

Mwisho kabisa likabaki bunda la kalenda.

Baba alikuwa mlinzi katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi. Kila mwaka ulipokwisha aliletewa kalenda ya ukutani, pana, yenye karatasi nzito inayong'aa: mashamba meupe ya pamba, mitambo, wasichana waliobeba marobota ambayo hakuna msichana angeweza kuyabeba. Kwetu kalenda haikutolewa ukutani. Mpya ilitundikwa juu ya ile ya zamani, kwenye msumari ule ule, mpaka ukuta wa sebuleni ukaota kitambi. Kila jioni, kabla ya kuondoka kwenda lindoni, baba alichukua kalamu na kuikata ile siku kwa msalaba mdogo. Alifanya hivyo huku amesimama, tochi kwapani, kama mtu anayefunga mlango.

Baba mkubwa aliliinua lile bunda, akapuliza vumbi. "Hizi mwachieni shemeji awashie moto."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha walioshiba nyama ya msiba. Hivyo ndivyo mama alivyopata fungu lake.

Hakuwasha moto. Zilikaa chini ya kitanda mpaka mvua za kwanza, ndipo jirani mmoja akamwonyesha kwenye simu mwanamke wa nchi nyingine akitengeneza shanga kwa karatasi. Mama alitazama video ile, akaomba irudiwe, kisha akaomba irudiwe tena. Kesho yake alitafuta njiti ya baiskeli iliyokuwa imechomekwa darini tangu zamani, kitu pekee cha ile baiskeli kilichobaki kwetu. Akapika uji mzito wa muhogo uwe gundi. Kwa fundi seremala aliyetengeneza jeneza la baba akaomba vanishi iliyobaki kwenye kopo, naye akampa bila kumtazama usoni.

Msimu ule wote, tukirudi kutoka shamba, tulikaa mkekani mama na mimi. Yeye alikata karatasi kuwa pembetatu ndefu, nyembamba kama ulimi wa nyoka. Mimi niliviringisha: unaanzia upande mpana, unaizungusha kwenye njiti, unapaka uji kwa kidole, unaizungusha tena mpaka ncha imalizikie katikati. Ukichomoa njiti una ushanga mkononi, umevimba kiunoni kama mtama mbichi. Misalaba ya baba ilikuwa inamezwa ndani. Niliiona ikipita chini ya kidole gumba changu, mmoja baada ya mwingine, kisha haikuonekana tena.

Kalenda ya mwisho, ya mwaka aliokufa, tuliikata mwishoni. Ilikuwa na misalaba mpaka katikati, kuanzia hapo karatasi ikawa safi. Nilidhani mama angeiacha. Aliipitishia kiganja mara moja, akaikata kama nyingine. Shanga zilizotoka katika ile miezi ambayo baba hakuiishi ndizo zilizong'aa kuliko zote.

Tulizitunga kwenye uzi wa kuvulia samaki, zikawa pazia la mlango wa kutoka sebuleni kwenda chumbani kwa mama. Mtu alipolipitia lilitoa sauti ya mvua ndogo juu ya majani makavu. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali, wakasahau walipofikia kwenye rozari. Mama alianza tena kuzungumza wakati wa kula. Usiku nililisikia likitikisika akiingia kulala, na nilijua anapitia humo kwa makusudi, polepole, bega likianza.

Baada ya mavuno baba mkubwa akaja kututembelea. Alikuja na ile baiskeli. Tulimsalimu kwa kupiga magoti, akapewa chai na michembe ya viazi vikavu, na alipokuwa anatafuna macho yake yakafika mlangoni.

"Shemeji, hili umelinunua wapi?"

"Sijanunua. Ni zile kalenda."

Alisimama, akashika uzi mmoja, akazipitisha shanga vidoleni kama anayepima mbegu. Akarudi kukaa. Alimaliza chai yake yote kabla ya kusema.

"Kalenda za mdogo wangu."

"Ndizo hizo."

"Basi hivi ni vitu vya marehemu. Naona ule mgawo haukuisha vizuri."

Mama alikuwa ameshika birika. Hakuliweka chini. "Shemeji, mlisema niwashie moto."

"Ungewasha, leo tusingekuwa na neno."

Alilisema bila ukali, na ndiyo maana bado linaniuma. Alikuwa anatueleza utaratibu. Akavuta kigoda, akapanda, akalifungua pazia msumari kwa msumari, huku akimwambia mama kwamba litapendeza sana pale barazani kwake, kwamba wateja wanapenda vitu vya namna hii. Barazani, yaani nje. Nikafungua mdomo nimwambie ni karatasi na uji tu, kwamba vanishi ilikuwa kidogo, tulipaka mara moja ikaisha. Mama akanikanyaga mguu. Alinikanyaga kwa kisigino, akaendelea kunikanyaga mpaka pazia likaingia kwenye kiroba na kiroba kikafungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya baba.

"Nenda salama, shemeji," alisema.

Nililiona mara moja, nilipopita Ngulyati kwenda kusaga. Lilining'inia kati ya baraza na barabara, na watu waliokuwa wakinywa bia walilipasua kwa vichwa vyao wakitoka kwenda kukojoa. Nilimsikia baba mkubwa akimwambia mteja kwamba limetoka Mwanza.

Kisha mvua zikaanza. Hazikuwa nyingi mwaka ule, lakini karatasi haihitaji mvua nyingi. Siku moja simu ya mama ikalia akiwa anapepeta, akaniashiria niweke sauti kubwa. Baba mkubwa hakusalimu kwa kirefu. Lile pazia limefumuka, alisema, na amemtuma mtu wa bodaboda alilete. Mama alirekebishe, lirudi kabla ya Krismasi, kwa sababu kuna wageni wanaotarajiwa.

"Nitalipokea," mama akasema.

Lilipofika alilimwaga sakafuni jikoni. Shanga nyingi zilikuwa zimejifungua, zimekuwa mikunjo ya karatasi yenye matope. Na ndani ya mikunjo ile ikatokea misalaba ya baba, wino umevuja, kila mmoja umezungukwa na doa la buluu. Nilichutama nikaanza kuikusanya. Niliokota na ushanga mmoja uliokuwa bado mzima, wa zile zinazong'aa, nikamwomba nibaki nao.

Mama alinyoosha mkono. Nikampa.

"Tulipewa za kuwashia moto," alisema.

Alizisukuma zote katikati ya mafiga kwa mguu, akawasha kiberiti. Zile za matope zilifuka moshi, zile zilizobaki na vanishi zilishika haraka, kwa mwali wa njano uliopanda hadi kwenye ukingo wa sufuria ya chai. Jiko likajaa harufu ambayo sote wawili tuliijua. Tuliinusa mara ya kwanza siku jeneza lilipopitishwa mlangoni likiwa bado linanata.

Chai ilichemka. Ilikuwa na ladha ile ile ya siku zote. Mama alikunywa kikombe chake mpaka chini, akajimiminia kingine, akaniangalia mpaka nami nikamaliza changu.