Alama ya Kofia Tuliyoifuata Makambako

Nilitoka Mjimwema, hapa Njombe, kwenda Makambako kwa sababu mama yangu, Rahabu, alikuwa ameagiza azikwe na picha. Ilikuwa picha moja tu, ya askari aliyesimama na kofia yake. Mpita njia aliyetoka vitani ndiye aliyeileta, akasema ni ya kijana wa hapa kwetu, ila jina limemtoka. Sasa vijana wa kwetu waliokwenda vita ya Mwingereza wasirudi walikuwa wawili: kaka yangu Lutengano na rafiki yake Yoramu, mume wa Sifa, ambaye kwa urafiki wao aliniita wifi. Mama hakuuliza mtu, akaitundika juu ya meko. Macho yake yalipoanza kufifia alidhani ni moshi umeichafua picha, basi kila Jumamosi akaipangusa kwa kitambaa chenye maji. Akapangusa mpaka uso ukaondoka. Ikabaki kofia na mabega.

Mama alipozidiwa, Sifa alikuja kwetu. Hakutaka hata kukaa.

"Wifi Eliza, mtamzika mama yenu na mume wangu?"

"Nani kasema ni mume wako?"

"Na nani kasema ni kaka yako? Mwanangu Tulizo hajamwona baba yake hata siku moja. Mkiitia udongoni, basi tena."

Tulilokuwa nalo ni hili: Lutengano alituma salamu kwamba amewekwa kwenye kazi ya kubeba wagonjwa, na Yoramu alituma kwamba amepewa bunduki. Halafu pale kofiani palikuwa na chuma kidogo. Baba mdogo Zakaria alisema ni ua. Jirani yetu Naomi alisema ni ndizi. Nikasema, Makambako yuko Koplo Mligo, amekaa jeshini, atakijua. Sifa akasema haniachii niende na picha peke yangu. Nikamwambia ajifunike blanketi, twende.

Asubuhi tulipotoka Njombe ukungu ulikuwa chini, miguu yetu wenyewe hatuioni. Picha nilikuwa nimeifunga kwa kanga kifuani. Tulitembea kama watu wasiojuana, ila kila tulipopumzika Sifa aliuliza, "Ipo?" Nikasema ipo. "Nionyeshe." Nikafungua, nikamwonyesha, nikafunga.

Jioni tulifika Mtwango kwa Mama Lusungu, mtoto wa shangazi yangu. Alitupa ugali na maharage, akasikiliza habari yetu mpaka mwisho.

"Wangu ana uso wake wote," akasema, akimwonyesha mumewe kwa mwiko, "na hakuna anayekuja kumgombania."

Mumewe, Elia, akaendelea kula.

Blanketi la wageni lilikuwa moja. Mama Lusungu akaichukua picha, akaichomeka juu darini, akatuambia tulale. Baridi ya Mtwango haikutuachia nafasi ya kununiana. Tulilala mgongo kwa mgongo.

Kesho yake dereva mmoja, Salumu, alitupakia kwenye lori juu ya magunia ya mahindi. Sifa hakuwahi kupanda gari. Alitapika tangu tulipoanza mteremko, nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Mara akashtuka. "Picha, wifi, upepo!" Nikamwambia nimeilalia. Akarudi kutapika.

Makambako ni upepo mtupu. Nyuma ya maduka tulimkuta Koplo Mligo akishona viatu. Tukamsalimu kamwene, akaitikia kamwene, nikampa mche wa sabuni niliomletea. Alipoona picha aliingia ndani, akatoka na mkanda wa ngozi umejaa vyuma vya kofia toka mwanzo hadi mwisho. Alisema askari walikuwa wakibadilishana, huyu ananipa chake, mimi nampa changu. Akaipeleka picha juani, akaisogeza kwenye mkanda chuma kwa chuma, taratibu, kama fundi anayetafuta kifungo kinachofanana.

Akasimama kwenye kimoja. "Baragumu," akasema. "Huyu ni wa bunduki."

"Na wa wagonjwa?" nikauliza.

"Wale walivaa nyoka, amejizungusha kwenye fimbo. Huyu hapa mkandani."

"Tazama tena, Koplo."

Akatazama tena. Kisha akanipa picha na mkanda nitazame mwenyewe. Mimi kusoma sikusoma sana, lakini nyoka ninamjua. Nilimtafuta katika kofia ile mpaka machozi yakanitoka, nikasema ni upepo. Nyoka hakuwepo. Sifa alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni. Nikampa mumewe.

Lakini sikuondoka. Nilimwambia Koplo, "Nipe huyo nyoka."

"Alinipa rafiki yangu Simoni, naye amekufa. Siwezi, dada."

"Basi niazime alama yake."

Akafikiri. Akakata kipande cha ile sabuni, akakilowesha, akakigandamiza kwenye chuma kwa dole gumba. Akanikabidhi. Nyoka alikuwamo, na fimbo yake.

Kurudi, Sifa ndiye aliyebeba picha. Sikumwuliza kitu, lakini kila tulipopumzika aliifungua, akanionyesha.

Nyumbani nilimweleza mama bila kuzunguka. Nikauchukua mkono wake, nikakiweka kidole chake kwenye sabuni.

"Nini hiki?"

"Nyoka kwenye fimbo, mama. Ndiyo alama ya kofia ya Lutengano. Ya waliowahudumia wagonjwa."

Alikizungusha kile kidole polepole, akarudia, akarudia.

"Kwa Sifa hakuna msumari," akasema. "Ng'oa ule wa pale juu ya meko, umpelekee."

Nilikwenda Makambako nikitaka kushinda. Nilishindwa, na bado nilirudi na kaka yangu. Kabla ya hapo tulikuwa tukitunza kofia ya mtu mwingine, na yake hatukuijua.

Mama hakukaa sana. Siku ya maziko Naomi alikiona kipande kile mkononi mwa mama, akauliza sabuni ya nini tena, na marehemu tumekwisha kumwosha.

Nilikuwa nafungua mdomo. Sifa akaniwahi.

"Iacheni," akasema. "Huyo ni Lutengano."